Mguu Uliokaa Juu ya Klachi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha uchi hazai. Methali hii niliwafafanulia wanafunzi wangu wa sekondari mara nyingi, tena kwa mbwembwe, kabla sijajiunga na masomo ya uzamili. Hata hivyo, maana yake ilinikaa sawasawa siku nilipokuwa katika gereji moja kando ya Barabara ya Kirinyaga, jijini Nairobi, nilikokwenda kuchagua klachi ya gari lisilo langu.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, mali ya kaka yangu. Mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda mashindano ya Safari Rally kwa Impreza ya rangi ya samawati, kaka alikuwa mvulana wa shule ya msingi. Tangu siku hiyo madaftari yake yalijaa michoro ya gari hilo. Alilinunua ukubwani, likiwa limekwisha kutumika, na alipopata kazi Qatar aliniachia funguo pamoja na wosia mmoja: nilitunze kama ninavyomtunza mama. Isitoshe, gari hilo ndilo lililompeleka mama hospitalini kila mwezi kwa ajili ya maumivu ya mgongo.

Mwaka mmoja baadaye, gari lilianza kulalamika. Nilipoupanda mwinuko wa Kangemi, injini ilinguruma lakini mwendo haukuongezeka, na harufu ya kitu kilichoungua ikatujaza pua. Nilimpigia kaka simu. Papo hapo aliamua kwamba injini ilikuwa imeishinda klachi nguvu. Akatuma fedha, akaniagiza ninunue klachi ya mashindano, ile yenye vipande vya madini badala ya utando wa kawaida. Sikumpinga. Uamuzi wake uliniondolea lawama, nami niliukumbatia kimyakimya.

Fundi alikuwa mzee mpole mwenye mikono iliyokolea grisi. Aliishusha giaboksi, akaniita.

"Tazama, mwalimu. Sahani hii hukaa kati ya flaiwili na presha pleti. Ukikanyaga, injini na giaboksi zinaachana. Ukiachia, zinashikana. Sasa hii imelika, haishiki tena. Inateleza tu."

Flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lililoko nyuma ya injini, lilikuwa na mabaka ya samawati, alama ya joto kali. Mzee aliyapapasa kwa kidole, kisha akaniuliza, "Gari hili linakwenda mashindano?"

"La, mzee."

"Nani huliendesha?"

"Mimi."

"Ukikwama kwenye msongamano mlimani, hulizuia kwa breki ya mkono au kwa klachi?"

Nilinyamaza. Ukweli ni kwamba kwa mwaka mzima mguu wangu wa kushoto ulikaa juu ya kanyagio la klachi kama ndege juu ya tawi, nikilishikilia gari mlimani kwa klachi iliyoachiwa nusu.

Mzee hakunikemea. Alinieleza kwamba kama klachi ingeunguzwa na nguvu za injini, basi ile kali ingekuwa dawa. Lakini kama imeunguzwa na mguu wa dereva, kuibadilisha kwa kali ni kuhamisha maumivu tu. Vipande vya madini huvumilia joto, ila hushika kwa ghafla. Gari hurukaruka kila linapoondoka. Springi kali hulifanya kanyagio kuwa gumu, na kishindo chake huishia kwenye giaboksi. Ile ya kawaida huteleza kidogo kabla ya kushika, hivyo gari huondoka kwa upole. "Lakini nayo haitamsamehe anayeiegemea," akamalizia.

Mihadharani nilizoea kulalamika kwamba Kiswahili kimepungukiwa na istilahi za ufundi. Mzee huyu aliyatumia maneno ya mkopo bila aibu, kisha kazi yote akaieleza kwa vitenzi vyetu: kushika, kuachia, kuteleza, kuvuta, kusukuma. Hata aliponitahadharisha kuhusu spea, sikupotea. Gari letu ni la gia tano. Sahani yake ina kipenyo cha milimita 230, na klachi yake huachiliwa kwa kuvutwa. Zipo zinazoachiliwa kwa kusukumwa, na hizo hazingeingia.

Nilitoka nje kumpigia kaka. Moyo ulinidunda kuliko siku ya kulitetea pendekezo langu la utafiti.

"Kaka, injini haina kosa," nilisema. "Ni mguu wangu."

Nilimweleza yote. Upande wa pili kulikuwa kimya hata nikadhani laini imekatika. Hatimaye akauliza, "Mama hukaa mbele au nyuma?"

"Mbele."

"Basi weka ya kawaida. Fedha zitakazobaki, flaiwili isawazishwe kwenye mashine." Akakata simu. Wiki mbili zilipita bila kunipigia, nami nilijua sababu.

Fundi alibadilisha sahani, presha pleti na beringi kwa pamoja, kwa maana kuishusha giaboksi mara ya pili kwa ajili ya beringi moja kuukuu ni kulipa ujira mara mbili. Aliniagiza niliendeshe taratibu kwa kilomita 800 za mwanzo ili nyuso mpya zizoeane.

Mwezi uliofuata nilimpeleka mama hospitalini. Pale Kangemi magari yalisimama, nasi tukasimama. Nilivuta breki ya mkono, nikauweka mguu wa kushoto sakafuni.

"Mbona siku hizi unavuta hicho chuma kila mara?" mama aliuliza.

"Nilikosea zamani, mama," nilimjibu. Foleni ikasogea, nasi tukaondoka bila kishindo.