Aljebra Ilizaliwa kwa Maneno

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii hutajwa mno katika darasa la fasihi, lakini pengine inalifaa zaidi darasa la hisabati, ambamo wapenzi wengi wa Kiswahili huingia kwa hofu na kutoka kwa furaha ya mfungwa aliyeachiliwa.

Binti mmoja wa shule ya upili alikuwa miongoni mwao. Alijua kuchambua vina na mizani ya shairi lolote, lakini herufi ilipoingia katikati ya tarakimu, kalamu ilimlegea. Shuleni alifunzwa hayo kwa Kiingereza. Nyumbani tatizo lilimjia kwa Kiswahili. Mama yake, mchuuzi wa maandazi, alipata faida ya shilingi 5 kwa kila andazi, kisha akatoa shilingi 200 za makaa kila siku. Mwenye mkahawa alitaka kumwajiri kwa shilingi 400 kwa siku, pamoja na shilingi 2 kwa kila andazi litakalouzwa. Akubali au akatae?

"Mjomba, hiyo x ni nini?" binti aliuliza.

"Ni jina la kitu ambacho hatujakijua, mpwa wangu. Leo iite idadi ya maandazi."

Wakaandika: 5x − 200 = 2x + 400. Kwanza, walijumlisha 200 pande zote mbili ili kufidia kilichopunguzwa: 5x = 2x + 600. Pili, waliondoa 2x pande zote mbili: 3x = 600. Tatu, waligawanya kwa 3: x = 200. Wakahakiki: 5 mara 200, toa 200, ni 800, 2 mara 200, ongeza 400, ni 800 vilevile.

Kisha wakachora grafu. Mhimili wa ulalo ulibeba maandazi, wa wima ukabeba shilingi. Mstari wa mkahawa ulianzia juu, kwenye 400, ukapanda polepole. Mstari wa mama ulianzia chini ya sufuri, kwenye −200, lakini ulipanda kwa kasi zaidi. Mistari ilikutana penye maandazi 200. Kabla ya hapo, ajira ina nafuu. Baada ya hapo, biashara. Mama, ambaye kwa kawaida aliuza 160, aliutazama mchoro kwa makini.

"Kumbe nimepungukiwa na 40 tu," alisema.

Hatua mbili za kwanza zina majina ya kale. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake Baghdad mnamo mwaka 820 hivi, aliita ya kwanza al-jabr, yaani kurejesha kilichopungua, na ya pili al-muqabala, yaani kukabilisha pande mbili. Jina la kwanza ndilo lililozaa neno aljebra. La pili lina mzizi mmoja na maneno mkabala na kukabili. Isitoshe, kitabu chake hakikuwa na x wala alama ya kujumlisha. Kila mlinganyo uliandikwa kwa sentensi kamili.

Asemaye kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba aljebra na aukumbuke ukweli huo. Binti yule hakugeuka bingwa siku hiyo. Alichopata ni ujasiri wa kuiuliza kila hatua "kwa nini?", swali lile lile ambalo amezoea kuliuliza shairi.