Debe kwa Debe

Mama yangu aliuza maharage Isongole, wilayani Ileje, pale mpakani ambapo ukivuka tu umeingia Malawi na barabara inakupeleka Chitipa. Wateja wengi walitoka ng'ambo. Mama alihesabu kwa Kindali, mteja kwa Kilambya, wote kwa sauti. Kila debe likimiminwa guniani, wanatazamana. Hesabu zikipishana wanasimama hapo hapo, maana kosa liko kwenye debe hilo la mwisho. Gunia halikushonwa kwanza ndipo watu waanze kubishana.

Nilikuja kulikumbuka debe lile nikiwa mtu mzima, naandika programu ya kupokelea kahawa ya wakulima. Mimi niliandika seva kwa Python, mwenzangu akaandika ukurasa wa karani kwa JavaScript. Kila mmoja alikuwa na majaribio yake. Kazi tuliziunganisha mara moja kwa mwezi.

Msimu ulipofunguliwa, mzee mmoja alileta kilo 45.5, kesho yake 30. Karani akamsomea jumla: 45.530.

"Mwanangu," aliniambia, "kahawa hii nimeibeba begani mwenyewe. Mzigo wa pili umekwenda wapi?"

Hakufoka. Hilo ndilo lililoniumiza.

Nilikuwa nimebadili seva itume uzito kama maandishi badala ya namba, nikidhani nalinda desimali. JavaScript ikipewa maandishi mawili na alama ya kujumlisha, huyabandika: 45.5 na 30 yakawa 45.530. Majaribio yangu yalipita kwa sababu yalitarajia maandishi. Ya mwenzangu yalipita kwa sababu yalitumia namba alizojitungia. Kila mtu kwake alikuwa sahihi. Kosa lilikaa mpakani, ambapo hapakuwa na mlinzi.

Ndipo tukaweka uunganishaji endelevu, desturi ambayo Kent Beck na wenzake waliisisitiza miaka ya 1990. Mabadiliko yakitumwa tu, hata mistari miwili, mashine inaanza upya ikiwa tupu, inasakinisha Python na Node.js za matoleo tuliyokubaliana, inaendesha majaribio ya kila lugha. Kisha inawasha seva yenyewe na kuufanya ukurasa usome kutoka kwake. Hatua hii ya mwisho ilitugharimu siku mbili, na ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Nilipojiuliza kwa nini tulikuwa tunasubiri mwezi mzima, jibu halikuwa la kiufundi. Niliogopa kuonekana na kazi nusu. Hivyo hivyo mimi na kaka yangu tulinyamaziana miaka kuhusu shamba la baba, kila mmoja na hesabu yake iliyonyooka kichwani. Siku hizi nampigia kila Jumapili, hata kama sina jipya.

Zile 45.5 na 30 za mzee nimeziacha ndani ya jaribio. Yeyote kati yetu akituma kazi, mashine huzijumlisha kwanza, na isipopata 75.5 haiendelei.