Lindo la Bibi Kinigi

Wakazi wa Kigwena, kusini ya mji wa Rumonge, huishi baina ya michikichi na Ziwa Tanganyika. Kwao mvuvi hapimwi siku ya shwari. Hupimwa upepo unapogeuka na mtumbwi ungali mbali na ufuko. Kwa kipimo hicho yafaa kuutazama utumishi wa Bibi Sylvie Kinigi, mwanamke aliyeiongoza Serikali ya Burundi wakati wa tufani.

Bibi Kinigi alizaliwa mwaka 1953. Alisomea uchumi na usimamizi katika Chuo Kikuu cha Burundi, akaingia katika utumishi wa umma, na kufikia mwaka 1991 alikuwa katika ofisi ya Waziri Mkuu akishughulikia mpango wa kurekebisha uchumi. Ilikuwa kazi ya mahesabu, isiyo na shangwe. Yeye ni Mtutsi na aliolewa na Mhutu; kwa hiyo umoja ambao wengine waliutaja jukwaani, kwake ulikuwa jambo la nyumbani, la mezani na la malezi ya watoto.

Tarehe 1 Juni, 1993, Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU alichaguliwa kuwa Rais. Alipoapishwa tarehe 10 Julai alimteua Bibi Kinigi kuwa Waziri Mkuu, ingawa alikuwa mwanachama wa UPRONA, chama kilichoshindwa. Hakuna mwanamke aliyewahi kushika cheo hicho nchini kabla yake. Siku chache baadaye nchi jirani ya Rwanda nayo ilimpata Waziri Mkuu mwanamke, Bibi Agathe Uwilingiyimana.

Pwani ya Rumonge ilikuwa na sababu zake za kuingojea serikali hiyo kwa matumaini. Machafuko yaliyoanza huko mwishoni mwa Aprili 1972, na mauaji makubwa yaliyofuata nchini, yaliwafanya watu wengi wakimbilie Tanzania na kuyaacha mashamba yao. Sasa suala la kurudi kwao lilikuwa mbele ya serikali mpya.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba, 1993, baadhi ya askari waliasi. Rais Ndadaye aliuawa. Waliuawa pia Spika wa Bunge, Pontien Karibwami, na naibu wake, Gilles Bimazubute, ambao ndio waliotazamiwa kisheria kuushika uongozi. Msomaji na afikiri nyumba iliyompoteza baba, na ami waliopaswa kuwasimamia yatima nao wamezikwa siku ile ile.

Bibi Kinigi na baadhi ya mawaziri walijihifadhi katika Ubalozi wa Ufaransa mjini Bujumbura. Baada ya siku chache uasi uliporomoka, na kuanzia tarehe 27 Oktoba yeye ndiye aliyekaimu madaraka ya Rais. Hakuwa amiri wa jeshi, wala hakuwa na kundi la vijana wenye silaha nyuma yake. Alichokuwa nacho ni uhalali tu: serikali iliyoundwa na Rais aliyechaguliwa na raia.

Haifai kuficha kwamba uhalali huo haukutosha kuuzima moto. Mauaji yalienea vijijini, makumi ya maelfu ya watu wakapoteza maisha, na mamia ya maelfu wakavuka mipaka. Wengine huuliza basi uongozi wake ulifaa nini. Jibu limo katika jambo ambalo halikutokea. Lau Waziri Mkuu angejiuzulu au kutoroka, waasi wangepata kile walichoua ili wakipate: kiti kisicho na mwenyewe. Kiti hicho hakikuachwa wazi. Bunge lilikutana tena, na Januari 1994 likamchagua Cyprien Ntaryamira, aliyeapishwa tarehe 5 Februari. Siku zaidi ya 100 zilikuwa zimepita. Siku mbili baadaye Bibi Kinigi aliuacha pia Uwaziri Mkuu. Hakudai cheo kingine. Alikwenda kufanya kazi ya benki, na baadaye akautumikia Umoja wa Mataifa.

Katiba ya Burundi ya mwaka 2005 iliagiza kwamba wanawake wasipungue asilimia 30 katika Bunge na katika Seneti. Binti wa Kigwena anayesoma leo aweza kuitazama Seneti akaona kiti ambacho sheria yenyewe inamruhusu kukitamani. Lakini sheria hutoa kiti tu. Haifundishi namna ya kukikalia.

Hilo askari na polisi wanalielewa, na wake zao wanaobaki na watoto usiku wa zamu wanalielewa zaidi. Mlinzi haondoki kwa kuwa giza limezidi, wala habaki kwa kuwa mahali pamemnogea. Hulishika lindo mpaka mwenzake afike kulipokea, kisha humkabidhi na kwenda zake.