Habari za Mashine Zisikae Kichwani mwa Fundi Peke Yake

Mimi ni fundi wa mitambo katika kinu kikubwa cha ngano kaskazini mwa Uingereza. Nyumbani Kimilili, magharibi mwa Kenya, mjomba wangu ana kinu cha posho kando ya barabara ya kwenda Kamukuywa. Kazi ni ile ile: nafaka inaingia juu, unga unatoka chini, na katikati kuna chuma kinachozunguka kwa kasi na kulika kidogo kidogo. Kinachotofautiana ni mahali habari za chuma hicho zinapohifadhiwa. Huku zimo kwenye lahajedwali ambalo kila fundi wa zamu analifungua. Kule zimo kichwani mwa fundi mmoja, na fundi huyo akipata kazi Eldoret, anaondoka nazo.

Wengi wetu tulio ughaibuni tumetuma pesa za mashine nyumbani, iwe kinu, trekta, pampu au mashine ya kupukuchua mahindi. Baada ya muda simu inalia: imeharibika, tuma ya spea. Anayetuma anashuku kwamba pesa inaliwa, anayepokea anaona anatukanwa, na hakuna kati yao mwenye cha kuonyesha. Undugu mwingi umeingia doa kwa njia hii, na naamini sehemu kubwa ya ugomvi huo ingekwisha kwa jedwali la safu saba.

Kazini kwetu kila mashine ina namba kwenye kibati kilichofungwa ubavuni, na namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye jedwali. Safu zenyewe si nyingi: tarehe, saa ambazo mashine imefanya kazi, nilichokuta, nilichofanya, kipuri kilichotumika, jina la fundi, na lini tena. Tarehe ya sevisi ikipita, kisanduku chake kinageuka chekundu chenyewe. Safu ninayoiheshimu kuliko zote ni ya "nilichokuta". Fundi akiandika "nimepiga grisi", ametueleza habari za mikono yake tu. Akiandika "grisi ya zamani imekuwa nyeusi na ina chembe zinazometa", ametueleza habari za beringi, na mwenzake wa zamu ya usiku atajua kwamba beringi hiyo haina maisha marefu. Sumaku zilizo kwenye njia ya nafaka nazo zinasafishwa kwa ratiba, na kilichonaswa kinaandikwa, hata kama ni kipande cha waya.

Sheria nayo ipo. Kanuni za Uingereza za vifaa vya kazi za mwaka 1998 zinataka mashine itunzwe ifanye kazi sawasawa, na zinaeleza kwamba pale ambapo mashine ina daftari la matengenezo, daftari hilo lisiachwe nyuma. Wasagaji wa unga wana sababu ya kuogopa uzembe. Tarehe 2 Mei 1878, kinu cha Washburn A mjini Minneapolis, Marekani, kililipuka na kuua watu 18. Vumbi la unga lilikuwa limejaa hewani na likapata cheche, na iliaminika kwamba cheche hiyo ilitoka kwenye mawe ya kusagia yaliyosuguana bila nafaka katikati. Tangu siku zile msagaji makini hadharau beringi iliyopata moto.

Hata hivyo jedwali lenyewe halitengenezi kitu. Nimewaona mafundi huku wakijaza visanduku wakiwa wamekaa ofisini, na nimewahi kuikuta mashine inalia huku mstari wake wote ukiwa wa kijani. Hapo nilimkumbuka fundi wa mjomba. Yeye huweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi, akabana mpini wake sikioni, akafumba macho. Baada ya muda mfupi atakuambia ni beringi ya upande gani, na kama itafika Jumamosi. Ujuzi wa namna hiyo ni wa kweli, na ningefurahi sana kuwa naye zamu moja.

Na wala kuandika si jambo geni kwetu. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper pale Webuye kilikuwa kikifanya kazi tangu miaka ya 1970, na kiwanda cha sukari cha Nzoia vilevile. Viwanda vya ukubwa ule haviendeshwi kwa kukumbuka tu. Panpaper ilipofunga milango mwaka 2009, mafundi wake wengi walirudi vijijini na ujuzi wao. Kilichokosekana huko vijijini ni kadi ya kazi ya kujaza na mtu wa kuisoma.

Sasa niwaeleze yaliyotokea kwenye kinu cha mjomba, maana ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Beringi za upande wa mkanda zilikuwa zinakufa mara kwa mara. Fundi alisema ni bandia, na hakuna aliyembishia, kwa sababu beringi bandia zipo kweli madukani. Mjomba akahama duka, akawa anazifuata Kitale badala ya Bungoma, lakini hali ikabaki vile vile. Nilipompigia nilimwambia, "Khocha (yaani mjomba), kabla hatujanunua nyingine, naomba unikubalie binamu afungue simu yako."

Kumbe nusu ya kumbukumbu tulizozitaka zilikuwa zimeshaandikwa. Kila alipolipia spea kwa M-Pesa, ujumbe ulikuwa umebaki na tarehe na kiasi. Kila aliponunua tokeni za umeme, ujumbe ulikuwa na tarehe na idadi ya uniti. M-Pesa haisemi umenunua nini, ila mjomba anazijua bei zake: hii ni beringi, hii ni mkanda, hizi ni nyundo za kusagia, seti nzima. Binamu alinitumia picha za jumbe zote kwa WhatsApp, nikazipanga kwenye lahajedwali kwa tarehe. Tukaona jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliona. Kila mkanda mpya ulifuatwa na beringi mpya ndani ya wiki chache. Hapakuwa na beringi hata moja iliyokufa bila mkanda kubadilishwa kwanza.

Sikuwa na la kumfundisha fundi. Mjomba alimwonyesha orodha ile, akaitazama, akasema, "Mzee, mkanda mpya huwa naukaza sana usije ukateleza." Jibu likawa limepatikana. Mkanda ukikazwa kupita kiasi unaivuta shafti upande mmoja, beringi inabeba mzigo usio wake, inapata moto, grisi inayeyuka na kutoka. Jedwali lilionyesha mfuatano, fundi akatoa sababu. Tangu hapo mkanda unakazwa kwa kipimo, unaangaliwa tena baada ya siku chache za kusaga, na kinachoonekana kinaandikwa.

Kuna kipimo kingine ambacho ningependa kila mwenye kinu cha umeme akitumie, na hakina gharama. Gawanya uniti ulizotumia kwa magunia uliyosaga. Tuseme umetumia uniti 60 kwa magunia 10 ya kilo 90. Hapo ni uniti 6 kwa gunia. Andika namba hiyo kila wiki. Ikianza kupanda bila mahindi kuwa mabichi na bila kubadilisha chekeche, huenda nyundo zimekuwa butu au matundu ya chekeche yameziba, na unamlipa Kenya Power kwa kusugua badala ya kusaga. Kwa kinu cha dizeli, hesabu lita kwa gunia. Wateja wengi huleta gorogoro (kopo la kupimia nafaka) moja au mbili, kwa hiyo mwenye kinu ajumlishe za siku nzima. Hutoza kwa gorogoro hizo hizo, hivyo hesabu anayo tayari.

Nyundo nazo zinahitaji mstari wao. Nyingi zina tundu kila upande, na unaweza kuzigeuza mpaka pembe zote nne zitumike kabla ya kununua nyingine. Bila maandishi hakuna anayekumbuka ni pembe ya ngapi. Zikibadilishwa, zibadilishwe kwa seti na zenye uzito sawa zipangwe zikitazamana, la sivyo kinu kizima kitatetemeka na beringi zitalipa. Na tujiulize chuma kinachopungua kwenye nyundo kinakwenda wapi. Kama hakuna sumaku, kinakwenda kwenye ugali wa watoto. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tuandike.

Ratiba ya Uingereza, hata hivyo, msiichukue kama ilivyo. Kinu chetu huku kinazunguka mwaka mzima, kwa hiyo "kila miezi 3" ina maana. Kule Kimilili na Kitale mashine inafuata shamba. Ya kupukuchua mahindi inafanya kazi usiku na mchana msimu wa mavuno, kisha inalala bandani miezi mingi. Sevisi yake ni Septemba, kabla mahindi hayajakauka, na ihesabiwe kwa magunia. Trekta linakimbizana na mvua za Machi, na kama mita ya saa imekufa, ekari zilizolimwa zinatosha kuwa kipimo. Mwenye mashine ndiye achague hesabu anayoiweza, mradi asiibadilishe kila mwezi.

Wala si lazima kuwa na kompyuta. Kwa mjomba, daftari la mistari limefungwa kwa kamba kwenye nguzo karibu na swichi, kalamu pembeni. Jumapili binamu analipiga picha, nami naingiza namba kwenye lahajedwali la Google ambalo wote watatu tunaliona kwenye simu. Fundi ndiye anayeandika, na jina lake linakaa kwenye kila mstari, maana kazi ni yake na sifa ni yake.

Ndugu zangu mlio Leeds, Dallas, Doha na kwingineko, safari ijayo mkiombwa pesa ya spea msianze na maswali ya kushuku. Tumeni pesa ya daftari na kalamu pamoja na ya beringi. Mwombeni fundi, kwa heshima yake, aandike alichokuta kabla ya kuandika alichofanya. Na mkipigiwa picha ya ukurasa, usomeni na mmjibu siku hiyo hiyo, kwa sababu fundi akiona hakuna anayesoma, wiki ya tatu hataandika.