Isiolo, ambako akiba ni nyasi

Msomaji mpenzi, iwapo hujawahi kufika Isiolo, funga safari siku moja ukajionee. Kutoka Nairobi ni mwendo usiozidi kilomita 300. Ukishapita Timau na mashamba yake ya ngano, barabara huanza kuteremka na baridi ya Mlima Kenya hukuaga ghafla. Utavua sweta kabla ya kuingia mjini.

Humo utawakuta Waborana, Wasomali, Wameru, Wasamburu na Waturkana wakichuuza bega kwa bega. Usikose kuwatazama akina mama wauzao maziwa ya ngamia. Mengi hupakiwa kwenye mabasi na kupelekwa Eastleigh jijini Nairobi, ambako huenda nawe umewahi kuyanywa kwa chai.

Lakini je, ngamia hao hulishwa wapi?

Shika njia ya kwenda Garba Tula au Merti. Dirishani utaona migunga, vumbi na nyika isiyo na ua wala kibao. Wengi wetu wa mjini husema, "Ardhi yote hii imekaa bure!" La hasha. Kila malisho hapa yana wenyewe na yana majira yake.

Miongoni mwa Waborana, mambo ya malisho huamuliwa na wazee wa dedha, yaani wasimamizi wa eneo la malisho. Mvua ikinyesha, mifugo huondolewa kando ya mto Ewaso Nyiro na kupelekwa mbali, kwenye maji ya mvua. Maji hayo yakikauka, hurejea karibu na mto na visima. Kuna sehemu nyingine isiyoguswa hadi ukame uzidi. Hiyo ndiyo akiba, mithili ya ghala la mkulima. Mgeni hakatazwi, ila sharti apige hodi kwa wazee kabla ya kuingiza wanyama wake. Mkaidi hutozwa faini ya mifugo. Kisimani nako kuna zamu, na msimamizi wake huitwa aba herega.

Utaratibu huu mzuri sasa umo mashakani. Kati ya 2020 na 2023, mvua ilikosekana misimu 5 mfululizo kaskazini mwa Kenya, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa nchini. Shida ikifika hapo, hata malisho ya akiba humalizika, na neno la mzee halina nguvu mbele ya mwenye bunduki.

Aidha, mpango wa LAPSSET wa barabara, reli na bomba la mafuta kutoka Lamu umewafanya wengi waikodolee macho ardhi ya Isiolo. Hata uhifadhi wa wanyamapori umezua mvutano. Mnamo Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha sheria, kwani wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kinga ipo. Katiba ya 2010 inaitambua ardhi ya jamii, na sheria ya 2016 inairuhusu jamii kuisajili. Wanajamii huchagua kamati ya watu 7 hadi 15, na ardhi iliyosajiliwa haiwezi kuuzwa pasipo idhini ya thuluthi mbili ya watu wazima walioandikishwa. Lakini ardhi isiyosajiliwa hubaki mikononi mwa serikali ya kaunti kama mdhamini, na wazee hulazimika kuitetea kwa maneno matupu.

Basi, msomaji, ukifika Isiolo na watoto wako, wakikuuliza mbona pale pana nyasi na hapana hata mbuzi mmoja, usiwaambie kwamba pamesahauliwa. Waambie kuna mzee aliyesema pasiguswe. Akiba haiozi, walisema wahenga; ila ghala lisilo na mlango halikosi mwizi.