Harufu ya Peremende Kisongo

Anayetoka Arusha mjini kwenda Kisongo wakati wa kiangazi hahitaji kuambiwa kwamba amefika. Vumbi humwambia. Barabara ni ile ya lami iendayo Makuyuni na Dodoma, daladala hupita uwanja wa ndege mdogo wa Arusha, na kuanzia hapo miti hupungua na upepo huanza kuchezea khanga za abiria wanaoshuka. Ule mlima ambao mjini tunauona wa kijani, huku hauonekani hivyo. Meru una urefu wa mita 4,566, na mvua zake nyingi huangukia upande wa kusini na mashariki. Upande huu wa magharibi hupata masazo. Tena Meru ni mlima wa moto, ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na ardhi iliyotokana na majivu ya kale ni laini kama unga. Ng'ombe wakipita, unga huo huinuka na kukaa hewani.

Tulikuwa akina mama sita, na safari yetu ilikuwa ya kumwona mzazi. Kikapu kilikuwa na sukari, sabuni ya mche, khanga doti moja na mchele kidogo. Tulipita kwanza sokoni, maana mwenzetu mmoja alitaka kununua kibuyu cha maziwa. Huko Kisongo kibuyu hakiuzwi kama pambo. Mama wa Kimaasai atakuonyesha ndani yake palivyofukizwa kwa makaa ya oloirien, yaani mzeituni mwitu, na ukinusa utajua kwa nini maziwa yake hayana harufu mbaya. Watu hawa wana elimu ya harufu kabla ya sisi kuletewa chupa za dukani. Majani ya leleshwa, kile kichaka cha kijivu kinachoota sehemu kavu na kunukia kama kafuri, huwekwa kwapani na vijana ili wanukie vizuri.

Karibu na wauza vibuyu alikaa kijana mwenye meza ya dawa. Kati ya mizizi na unga wa kila rangi kulikuwa na vichupa vidogo vya kahawia vyenye mafuta ya peremende. Alituambia yanatibu kichwa, tumbo, mafua, meno, nywele zinazokatika, uchovu wa miguu, na "mambo mengine ya nyumbani", akatabasamu. Tulicheka, tukanunua kimoja. Mwenzetu alimwomba kipande cha karatasi, akadondosha tone moja, tukasubiri. Mafuta halisi ya peremende hupaa yote, na karatasi hubaki karibu safi. Yakichanganywa na mafuta ya kupikia huacha doa la mafuta. Karatasi yetu ilibaki na doa dogo. Kijana akasema ni vumbi.

Hapa tuseme kidogo juu ya mmea wenyewe. Watu wa pwani huuita nanaa au mnanaa, wengi wetu wa bara tunasema minti, na lile neno peremende la pipi za watoto limetokana na jina lake la Kiingereza. Mnanaa ni wa aina nyingi. Huu wa peremende ni chotara wa aina mbili, na mtaalamu wa mimea John Ray wa Uingereza aliuandika katika kitabu chake mwaka 1696. Kwa kuwa ni chotara, hauzai mbegu za kutegemewa. Anayekuuzia mbegu za peremende anakuuzia kitu kingine. Hupandwa kwa vipande vya mashina yanayotambaa chini ya udongo, na hupenda maji.

Ndiyo maana tulishangaa kuukuta katika boma kavu la mwenyeji wetu. Mama huyu, ambaye wajukuu wake humwita koko, ameupanda pale yanapomwagikia maji ya kuoshea vyombo, nyuma ya jiko, akauzungushia miiba ili mbuzi wasiufikie. Tulisalimiana kwa desturi ya kwao, "Takwenya", "Iko", tukakaribishwa ndani, na baada ya muda tukaletewa chai yenye majani hayo badala ya tangawizi.

Chai ile ndiyo njia bora kuliko zote ya kuutumia mmea huu nyumbani, na wala haina gharama. Majani mabichi saba au nane katika kikombe cha maji yaliyochemka, funika dakika tano hadi kumi, kunywa baada ya chakula. Tumbo lililojaa gesi hulegea, kwa sababu mnanaa hulegeza misuli ya utumbo. Hospitalini mafuta yake hutolewa katika vidonge vyenye ganda lisiloyeyuka tumboni mpaka yafike kwenye utumbo, kwa wale wenye ugonjwa wa muda mrefu wa tumbo kusokota na choo kubadilika-badilika. Lakini kulegeza huko huko kunalegeza pia mlango ulio juu ya tumbo. Mwenye kiungulia ataongezewa kiungulia, na wajawazito wengi wanacho. Mwenye mawe ya nyongo asitumie mafuta haya bila kumwuliza daktari.

Mafuta ya kichupani ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo wengi wetu hukosea. Majani huwekwa katika chombo, mvuke wa maji hupitishwa ndani yake, kisha mvuke ule hupozwa, na mafuta huelea juu ya maji. Kilo mia moja za majani mabichi haziwezi kutoa hata kilo moja ya mafuta. Kwa hiyo kichupa kile kidogo ni shamba zima lililokaushwa. Karibu theluthi hadi nusu yake ni mentholi, kitu kile kile kilichomo katika dawa za kuchua tunazozijua sote. Mentholi haiipozi ngozi. Huamsha vipokezi vya ngozi vinavyotambua baridi, mwili ukadhani umepozwa. Waliopata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021 ni David Julius na Ardem Patapoutian, wanasayansi wa Marekani waliotumia mentholi, kila mmoja kwa upande wake, kugundua kipokezi hicho cha baridi.

Tuliyasema haya kwa sababu koko alikuwa anaumwa kichwa tangu asubuhi. Alikuwa amebeba maji, amepika, amepokea wageni. Kichwa cha namna hiyo, kinachokaza kama kitambaa kilichofungwa kwa nguvu, mafuta ya peremende hukisaidia kweli. Ujerumani dawa ya kupaka yenye sehemu kumi za mafuta haya katika mia hutumika kwa maumivu hayo, na imefanyiwa majaribio. Nyumbani tunashauri pungufu ya hapo: matone mawili katika kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti au ya nazi, upake kwenye paji la uso na panja, mbali na macho, unawe mikono. Koko alipakwa, akafumba macho, akasema, "Kuna upepo kichwani." Kabla ya hapo, hata hivyo, tulimwuliza kama ana homa, tukampima presha kwa kile kipimo tunachotembea nacho. Kichwa chenye homa kinahitaji kipimo cha malaria. Na mjamzito aliyepita miezi mitano, mwenye kichwa kikali, kuvimba uso na mikono, au kuona vimulimuli, asipakwe chochote. Apelekwe kituoni saa hiyo hiyo, maana hiyo inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba.

Miguu ya mama aliyeshinda sokoni nayo hufurahi mchanganyiko ule ule. Kichwa kinachowasha chini ya misuko hutulia kidogo. Kuhusu nywele kuota, Korea Kusini mwaka 2014 watafiti walipaka mafuta haya panya, na manyoya yakaota upesi. Sisi si panya. Anayetaka ajaribu kwa mafuta yaliyochanganywa, kwanza sehemu ndogo ya mkono, lakini asilipe pesa ya ada ya mtoto kwa ahadi hiyo.

Binti mmoja wa boma, wa kama miaka kumi na tano, alitusikiliza kwa muda mrefu huku amefunika mdomo kwa mkono. Mwishowe aliuliza kama mafuta hayo yanang'arisha meno. Akina mama wa Arusha na Meru hamhitaji maelezo. Maji ya visima na chemchemi nyingi kuzunguka mlima huu yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi ya huku huvuka hapo. Rangi ile ya kahawia huingia katika jino wakati linapoumbwa, katika miaka ya utoto, na hakuna mafuta, mkaa wala ndimu itakayoitoa. Ndimu hula jino. Peremende huburudisha kinywa, basi. Tulimwambia ukweli, na tukaona uso wake ulivyoanguka. Tukamwambia pia kwamba daktari wa meno anaweza kufunika meno ya mbele, na kwamba rangi hiyo si uchafu wala si kosa lake. Kwa wadogo zake bado kuna nafasi: maji ya mvua ya kunywa na kupikia yakingwe na kuwekwa mahali safi, na magadi yapunguzwe jikoni, kwa kuwa nayo yana floraidi. Kituo cha Ngurdoto, upande wa pili wa mlima, kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Koko alisema mapipa ya mvua anayo mawili, ila moja limetoboka.

Tulikuwa bado kwenye habari ya pipa ndipo mzazi mwenyewe alipoingia na mtoto. Mvulana wa wiki sita, mnene, pua zimeziba kwa moshi na vumbi, anakoroma kama mzee. Mama yake alimpakata, akakiona kichupa chetu mkekani, akakifungua, akaweka kidole juu ya mdomo wa chupa na kukigeuza. Alikuwa anakipeleka kidole puani mwa mtoto. Sote sita tuliruka. Chai ilimwagika.

Binti wa watu aliogopa, akadhani amefanya kosa kubwa. Hakuwa na kosa. Tulimwambia kisa ambacho hatupendi kukisimulia. Miaka kumi na miwili iliyopita tulikuwa zamu katika kituo kimoja, foleni ndefu, na mama mmoja akauliza afanye nini kwa pua ya kichanga chake. Tulijibu bila hata kumwangalia, "Mpake dawa ya minti kidogo." Jioni alirudi anakimbia. Mtoto alikuwa ameacha kupumua kwa muda, midomo imekuwa ya bluu. Alipewa oksijeni, akapona. Mama yule alitushukuru kwa kumwokoa. Hatukuwa na ujasiri wa kumweleza siku ile kwamba ushauri ulitoka kwetu.

Hivi ndivyo ilivyo. Mentholi ikigusa pua au uso wa mtoto mchanga, koo linaweza kujifunga lenyewe na pumzi kusimama. Hata kwa mtu mzima haifungui pua. Humfanya tu ahisi hewa inapita. Kuna hatari nyingine iliyofichika. Madaktari wa Nigeria waliandika mwaka 1980 juu ya vichanga waliopata manjano baada ya kupakwa dawa zenye mentholi, wale waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD katika damu. Upungufu huo uko kwetu pia, na mama hawezi kuujua kwa kumtazama mtoto. Kwa hiyo mafuta haya, na kafuri pamoja nayo, yasipakwe mtoto wa chini ya miaka miwili, wala kwenye kitovu, wala kwenye titi la mama anayenyonyesha.

Pua ya kichanga hufunguliwa kwa matone mawili ya maji ya chumvi ya dawa kabla ya kunyonya, na kwa kumtoa kwenye moshi. Kisha mfunue kifua na uhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi hadi kufikia mwaka, 40 au zaidi hadi miaka mitano, au kifua kinachobonyea ndani, hayo ni ya hospitali. Mkubwa wake akinywa mafuta ya kichupani, usimtapishe. Mchukue yeye na chupa. Yakimwingia machoni, suuza kwa maji safi mengi na umpeleke.

Tulimhesabu mvulana wetu wote pamoja, koko akishika saa ya mkononi. Pumzi 44. Tukahesabu tena, 46. Kitanda chake kikahamishwa siku ile ile kutoka karibu na mafiga hadi upande wa mlango, baada ya majadiliano ambayo hatukuyaelewa yote kwa kuwa yalikuwa ya Kimaasai na yalihusu pia upepo. Kichupa kilikwenda juu ya kenchi, ndani ya kopo lenye mfuniko.

Jioni koko alitung'olea mashina ya mnanaa, akayafunga kwa gazeti lililoloweshwa maji. Daladala ilikuwa imejaa, mtu alikuwa na kuku miguuni, na bado harufu ya peremende ilitufuata hadi mjini, kondakta akauliza nani anauza pipi. Tuliyapanda chini ya bomba kanisani. Manne kati ya sita yameshika. Tumetuma salamu kwa koko, pamoja na fundi wa kuziba lile pipa.