Ritifaa mbili mgongoni

Nimepotea humu kwa wiki kadhaa kwa sababu ya Krismasi. Nimerudi na hadithi ya jezi.

Dada yangu anaishi Edmonton, Kanada. Alikuja nyumbani Murang'a na wanawe, na nusu ya mizigo yake ilikuwa jezi za hoki, moja kwa kila mtoto wa ukoo. Si hoki ya nyasi tuliyocheza shuleni. Hii ni ya barafu, na jezi zake ni pana ajabu kwa sababu huvaliwa juu ya mavazi ya kujikinga. Watoto wa hapa walizivaa kama kanzu, jua la Desemba likiwaka, na hakuna aliyekubali kuvua hata wakati wa kula. Moja ilikuwa na namba 99, ya Wayne Gretzky. Nikawaeleza kwamba tangu mwaka 2000 hakuna mchezaji wa NHL anayeruhusiwa kuivaa. Kosa kubwa: nusura waipiganie.

Mwana wa pili wa dada anaitwa Ng'ang'a, jina la baba yetu. Kwetu mwana wa pili huchukua jina la baba wa mamake, kwa hivyo dada humwita "baba". Jezi yake iliandikwa mgongoni NGANGA. Mzee akavaa miwani, akaisoma kwa sauti vile vile ilivyoandikwa.

"Huyu ni nani?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Mtoto akasema, "Guka, hata shuleni huniita hivyo. Nimezoea."

Dada akajitetea kwamba tovuti aliyoagizia ilikataa ritifaa. Nikanyamaza, maana sababu naijua. Katika lugha ya SQL, ritifaa ndiyo hufungua na kufunga maandishi. Ukilibandika jina moja kwa moja ndani ya amri, hifadhidata huona maandishi yameishia kwenye Ng, kisha inajaribu kusoma ang kama sehemu ya amri. Mambo yanakwama. Mjanja naye anaweza kupenyeza amri zake kupitia tundu hilo hilo. Dawa ni kutuma amri peke yake na data peke yake, na lugha zote tunazotumia zina njia ya kufanya hivyo. Mvivu hupiga marufuku ritifaa.

Na mvivu ni mimi. Miaka sita iliyopita niliandika fomu kama hiyo ya kusajili wanachama wa sacco moja. Usiku ule, wengine wakila nyama, nilifungua tarakilishi nikatafuta. Ndungu. Ngethe. Wangombe. Wanachama 37, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika.

Kurekebisha programu kulichukua saa moja. Majina siwezi kuyarudisha kwa kubahatisha, maana wapo wanaojiandika bila ritifaa kwa hiari yao, na hata kitambulisho kinasema hivyo. Lazima niulize mmoja mmoja.

Asubuhi nilimkuta mama barazani na sindano na uzi mweupe, jezi mapajani, mjukuu akimwonyesha kwa kidole pa kushona. Ritifaa ya pili ilitoka kubwa kuliko ya kwanza. Mzee alipita, akasoma tena, akaendelea na safari yake ya kwenda kukamua.

Kufikia leo nimepiga simu 11.